Kizazi cha 2027 chabisha hodi: Vyuo vya West Nile vitapima fikra au kunakili?

ARUA, Uganda. Kalenda ya masomo isipobadilika, mwaka 2027 vyuo vikuu vya Uganda vitapokea wanafunzi wa aina ambayo havijawahi kuipokea. Ni vijana walioanza Senior 1 Februari 2020, wiki chache kabla ya UVIKO-19 kufunga shule, wakasoma kwa kukatizwakatizwa hadi shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022, na mwaka 2024 wakawa kundi la kwanza kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa mtaala mpya. Watahiniwa wa mwaka huo walizidi 350,000. Sasa wako ngazi ya juu ya sekondari, na mwishoni mwa 2026 wanatarajiwa kufanya mtihani unaofungua mlango wa chuo.

Mtaala uliowalea unataja kufikiri kwa kina na kutatua matatizo kuwa miongoni mwa stadi ambazo kila somo linapaswa kuzijenga. Vijana hao hawakupimwa kwa mtihani peke yake. Asilimia 20 ya alama zao za kidato cha nne zilitokana na kazi walizofanya shuleni chini ya walimu wao: miradi, pamoja na mazoezi yanayompa mwanafunzi tukio la maisha na kumtaka alitafutie ufumbuzi kwa kutumia alichojifunza. Asilimia 80 ndiyo iliyotokana na mtihani wa Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB.

Mjadala wa umma hadi sasa umeelekezwa shuleni: vitabu havitoshi, walimu hawakuandaliwa vya kutosha, wazazi hawaelewi herufi mpya kwenye matokeo. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni la ngazi inayofuata. Kijana aliyezoea kuulizwa "ungefanyaje, na kwa nini?" atakuta nini chuoni? Na mwalimu anayetakiwa kumuuliza swali hilo mdogo wake aliyebaki shuleni, naye alijifunza wapi kuuliza?

Jibu la maswali yote mawili liko mahali pamoja, nalo halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Liko kwenye kazi za kozi, yaani insha, mazoezi, majaribio na miradi ambayo mhadhiri huitoa katikati ya muhula na kuisahihisha mwenyewe.

Kwa nini macho yaelekezwe West Nile

Wasomaji wengi wa ukanda huu walilisikia jina la Onduparaka kwenye kurasa za michezo. Klabu ya soka ya eneo hilo la pembezoni mwa Arua ilianzishwa mwaka 2011, ikapanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016 na kuwapa watu wa West Nile timu ya kwao ya kushangilia. Lakini Arua pia ni kitovu cha elimu ya juu cha kona hii ya kaskazini-magharibi mwa Uganda. Chuo Kikuu cha Muni, cha umma, kilianzishwa mwaka 2013 na hufundisha fani kama teknolojia ya habari, uuguzi, kilimo na ualimu wa sayansi. Chuo cha ualimu cha Muni ni miongoni mwa vyuo vitano vya taifa vya kuandaa walimu wa sekondari, pamoja na Kabale, Kaliro, Mubende na Unyama, ambavyo sasa ni kampasi za Taasisi ya Taifa ya Elimu ya Ualimu, UNITE.

Jiografia inaongeza uzito. Barabara ya lami ya kilomita 92 inatoka Vurra, kwenye mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inapita Arua na Koboko, na kufika Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Katika mkoa huu kuna makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi. Katika eneo kama hili, habari zinavuka mpaka haraka kuliko malori: bei, magonjwa, vita, uvumi, dawa za mitishamba, ahadi za kazi. Muuguzi, mwalimu au ofisa kilimo anayefanya kazi hapa hutakiwa kila siku kutenganisha madai ya kweli na ya uongo, na mara nyingi hana ofisi ya juu karibu ya kuiuliza.

Jambo la tatu ni la ualimu wenyewe. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu, hata wa chekechea na msingi, awe na shahada. Maana yake ni kwamba maelfu ya walimu walio kazini wanarudi kuwa wanafunzi, wengi wao wakati wa likizo. Mwalimu huyo huyo anayesahihisha miradi ya Senior 3 mwezi Julai, mwezi Agosti anaandika kazi zake mwenyewe za kozi. Akipata alama nzuri kwa kunakili maelezo ya mhadhiri, atarudi darasani akiamini kwamba hivyo ndivyo alama zinavyopatikana.

Hapo ndipo hatari ilipo. Ile asilimia 20 inatoka mkononi mwa mwalimu. Ikiwa mwalimu hawezi kutofautisha mradi uliofikiriwa na mradi ulionunuliwa kwenye duka la steshenari, basi sehemu ya tano ya alama za taifa inakuwa zawadi ya mwenye fedha. Mtoto wa Koboko ambaye mzazi wake hana cha kununulia mradi ataonewa na mtaala uliotungwa ili umsaidie.

Alama 40 zinazopotea

Katika vyuo vikuu vingi vya Uganda, utaratibu uliozoeleka ni kazi za kozi kubeba alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mgawanyo kama huo. Nchini Kenya mgawanyo wa kawaida ni 30 kwa 70. Kwa hiyo mhadhiri wa ukanda huu ana kati ya asilimia 30 na 40 ya alama zote ambazo anaweza kuzitoa kwa namna anayoona inafaa, bila kusubiri kikao cha mitihani.

Yeyote aliyepita chuo anajua alama hizo mara nyingi hutumikaje. Swali huanza na "Eleza", "Taja" au "Jadili faida na hasara". Majibu yake yamo kwenye maelezo ya darasani, kwenye kazi za wanafunzi wa mwaka uliopita, au kwenye kurasa za kwanza za intaneti. Kazi hukusanywa siku ya mwisho na kurudishwa wiki kadhaa baadaye ikiwa na alama na alama ya vema, wakati mwingine bila neno hata moja la kumweleza mwanafunzi hoja yake ilikosea wapi. Kwenye kazi za kikundi, mmoja huandika na watano hutia majina.

Mwanafunzi anayenakili katika mazingira hayo si lazima awe mvivu. Amesoma kwa usahihi kile ambacho chuo kinalipa. Ikiwa insha iliyokusanya hoja kumi za wengine inapata 32 kati ya 40, na insha yenye hoja moja iliyochunguzwa kwa ushahidi inapata 24 kwa kuwa "haikutaja pointi zote", mwenye akili atachagua ya kwanza.

Biashara ya kuandikiwa kazi imekua juu ya udongo huo. Kwa miaka mingi Kenya imejulikana duniani kwa vijana wasomi wanaowaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Sasa programu za akili bandia zimeiondoa hata gharama hiyo: simu yenye bando inaweza kuandika kurasa nne za "Jadili faida na hasara" kabla mwanafunzi hajamaliza chai. Vyuo vinavyojibu kwa kutoa makatazo peke yake vinafukuza kivuli. Swali linaloweza kujibiwa na mashine isiyojua Arua iko wapi lilikuwa swali dhaifu hata kabla mashine hiyo haijatengenezwa.

Ushahidi kutoka Uganda yenyewe

Wapo wanaosema kufikiri kwa kina ni kipaji, au ni anasa ya nchi zenye madarasa madogo. Uganda ina ushahidi wa kuwajibu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Norway walifanya jaribio katika shule za msingi 120 za mkoa wa kati, likihusisha watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya shule zilifundishwa namna ya kupima madai kuhusu afya: dai hili limejengwa juu ya nini? Waliotumia dawa walilinganishwa na nani? Mtu mmoja kupona kunathibitisha nini? Nusu nyingine ziliendelea na masomo ya kawaida.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017. Kwenye mtihani wa kupima madai, asilimia 69 ya watoto waliofundishwa walifaulu, dhidi ya asilimia 27 ya ambao hawakufundishwa. Waliofundisha walikuwa walimu wa kawaida wa shule hizo hizo.

Mpango huo ulipanda baadaye hadi sekondari, ukajaribiwa Kenya, Rwanda na Uganda mwaka 2022 kwa vipindi kumi tu vya somo. Katika shule 80 za Uganda, takriban asilimia 55 ya waliofundishwa walifaulu, dhidi ya asilimia 25 ya wengine.

Takwimu hizo zina mafunzo mawili. La kwanza, stadi hii hufundishika kwa vipindi vichache, ikiwa inafundishwa waziwazi badala ya kusubiriwa ijitokeze yenyewe. La pili ni la kuonya: hata baada ya kufundishwa, karibu nusu ya wanafunzi wa sekondari hawakufaulu. Vipindi kumi ni mwanzo. Kinachohitajika ni mazoezi ya kurudia, somo baada ya somo, muhula baada ya muhula. Chuoni, mazoezi hayo yana jina tayari: kazi za kozi.

Kazi ya kozi inayofikirisha inafananaje

Mifano haihitaji kutafutwa mbali. Chukua soka. Mashabiki wa timu ya Arua wanaweza kudai kwamba hufungwa ugenini kwa sababu ya safari ndefu, maana Kampala iko takriban kilomita 480. Mwanafunzi wa hisabati au takwimu anapewa kazi: kusanya matokeo ya misimu mitatu, linganisha mechi za nyumbani na za ugenini, kisha sema kama dai hilo linasimama. Mara moja anakutana na ugumu wa kweli. Timu zinazokuja Arua nazo zinasafiri umbali huo huo. Je, nazo hufungwa zaidi zikija? Na timu mbili za Kampala zikikutana, mwenyeji hashindi mara nyingi zaidi? Mwanafunzi anayejibu maswali hayo amejifunza maana ya ulinganisho, na hakuna insha ya mwaka jana ya kunakili.

Kwa mwanafunzi wa uuguzi, dai linaweza kuwa la mitishamba inayouzwa sokoni kwa ajili ya malaria, likiwa na shuhuda wa jirani aliyepona. Kazi si kuandika kurasa tano za sifa za dawa asilia wala za kuzilaani. Kazi ni kueleza mambo matatu: jirani angeweza kupona kwa sababu gani nyingine, ni taarifa gani ingehitajika ili kujua, na muuguzi amwambie nini mama aliyeamua kutumia mitishamba hiyo badala ya kwenda kituo cha afya. Swali la tatu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa linataka ukweli na heshima kwa pamoja.

Kwa mwanafunzi wa kilimo au mazingira, lipo dai linalosikika mara kwa mara kwamba wakimbizi ndio waliomaliza miti ya West Nile. Ni kweli kwamba mamia ya maelfu ya watu wanaopika kwa kuni huongeza mzigo kwa misitu. Lakini mkoa huu ulilima tumbaku kwa miongo mingi, na ukaushaji wa tumbaku hula kuni nyingi. Uchomaji mkaa nao una wateja wake mijini. Mwanafunzi atafute nani alipima nini, lini, na kwa njia gani, kisha agawe lawama kulingana na ushahidi. Katika eneo ambalo wenyeji na wageni wanagombea ardhi na maji, kazi kama hiyo ina maana nje ya darasa pia.

Kwa mwalimu mtarajiwa, kazi iliyo muhimu kuliko zote ni kusahihisha. Anapewa majibu mawili ya wanafunzi wa Senior 2 kwa zoezi lile lile: moja safi, lenye mwandiko mzuri na limejaa maneno ya kitabu, jingine lina makosa ya lugha lakini limeona tatizo lilipo na kupendekeza njia inayowezekana. Anatoa alama na kuandika sababu. Kisha wanafunzi watatu wanalinganisha alama zao na kueleza tofauti. Chuo kinachofanya zoezi hili mara sita kwa muhula kitakuwa kimelinda ile asilimia 20 ya mtoto wa Onduparaka kuliko waraka wowote kutoka wizarani.

Mifano yote minne ina sifa zinazofanana. Inaanza na dai, si mada. Ina ushahidi unaokinzana. Inamtaka mwanafunzi aseme ni kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Na jibu lake haliwezi kupatikana tayari, kwa sababu limefungwa kwenye mahali na wakati.

Namna ya kuikusanya kazi nayo ni sehemu ya funzo. Badala ya kazi nne ndogo zinazosahihishwa kwa haraka, mhadhiri anaweza kutoa moja kwa hatua tatu: ukurasa mmoja wa hoja na vyanzo, unaorudishwa na maswali mawili ya mhadhiri, kazi kamili, kisha mahojiano mafupi ambapo mwanafunzi anaitetea bila karatasi. Akili bandia nayo inaweza kuingizwa mchezoni: mwanafunzi alete jibu la mashine kuhusu swali lake na aonyeshe limekosea wapi. Asiyelijua somo hataona kosa.

Vikwazo si vidogo

Wahadhiri watauliza, na wana haki, muda utatoka wapi. Darasa la wanafunzi 200 likihojiwa mmoja mmoja kwa dakika tano tu ni dakika 1,000, karibu saa 17. Lakini darasa hilo hilo likigawanywa katika vikundi 40 vya watu watano, na kila kikundi kikapewa dakika kumi huku mhadhiri akichagua mwenyewe nani ajibu swali gani, inakuwa dakika 400, chini ya saa saba. Anayejua kwamba anaweza kuitwa yeye hatakubali kutia jina kwenye kazi ambayo hajaisoma. Kupunguza idadi ya kazi kutoka nne hadi moja au mbili kunarudisha saa nyingine nyingi. Bado ni mzigo, hasa kwa mhadhiri wa muda anayefundisha vyuo viwili au vitatu ili apate riziki. Chuo kinachotaka mabadiliko haya lazima kiyahesabu kama saa za kazi na kuyalipia.

Kikwazo cha pili ni imani kwamba fikra ni mali ya masomo ya sanaa, na kwamba nchi inahitaji sayansi. Mwaka wa fedha 2022/23 Serikali ya Uganda ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada wa sekondari hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi na kuwaacha nyuma wenzao wa sanaa. Walimu waligoma mwaka 2022, na wale wa sanaa wakagoma tena mwaka 2025. Madai ya mishahara yana njia zake. Kwa upande wa elimu, ujumbe uliowafikia wanafunzi ni kwamba historia, fasihi na dini, masomo ambayo kwa jadi hufundisha kujenga na kubomoa hoja, hayana thamani. Vyuo vyenye mwelekeo wa sayansi vina wajibu mkubwa zaidi wa kuonyesha kwamba sayansi nayo ni ubishi wenye kanuni. Mwanafunzi wa fizikia anayekariri fomula bila kuuliza itashindwa lini hajafundishwa sayansi.

Cha tatu ni lugha. Mwanafunzi wa Arua anaweza kuzungumza Kilugbara nyumbani, Kiswahili au Kilingala sokoni, na kuandika insha kwa Kiingereza. Wa Koboko ana Kikakwa chake. Wengi hubishana kwa ufasaha wakiwa nje ya darasa na kunyamaza wakiingia ndani. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hakuna kinachomzuia mhadhiri kuruhusu vikundi vijadili kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote wanayoielewa wote, kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Katika darasa lenye Mganda, Mkongomani wa Aru na Msudan Kusini wa Yei, Kiswahili kinaweza kuwa meza ambayo wote wanaifikia.

Ipo pia hoja ya wakongwe kwamba vijana wa sasa hawajui hata mambo ya msingi, na kwamba huwezi kufikiri juu ya usichokijua. Wana ukweli. Mwanafunzi wa uuguzi asiyejua malaria huenezwaje hawezi kupima dai lolote kuhusu malaria. Kukumbuka kuna nafasi yake, na mtihani wa mwisho wenye alama 60 unatosha kuipima. Hoja ni kwamba zile 40 zisitumike kupima kitu kile kile mara ya pili.

Saa inayokimbia ukanda mzima

Uganda haiko peke yake. Rwanda ilianza mtaala wa umahiri mwaka 2016. Kenya iliuanza wake mwaka 2019, na kundi la kwanza, lililoingia sekondari ya juu Januari 2026, linatarajiwa kufika vyuo vikuu mwaka 2029. Tanzania ilizindua Februari 2025 Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambayo nayo inasisitiza umahiri. Tanzania huiita stadi hii fikra tunduizi, Kenya huiita kufikiria kwa kina. Majina yanatofautiana, lakini ahadi kwa mzazi ni moja.

Ahadi hiyo ina historia. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zijenge akili ya kuuliza na kudadisi, na mitihani ipunguziwe uzito. Karibu miaka 60 baadaye, serikali za ukanda zinaahidi jambo hilo hilo, huku mtihani ukiwa bado mfalme. Mitaala inabadilika kwa hotuba. Tabia ya mwanafunzi inabadilika pale alama zinapobadilika.

Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, suala hili lina upande wake. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lilisimamia mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu uliopitishwa mwaka 2015, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wakatangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Lengo ni shahada ya Arua isomeke Kisumu, Mwanza au Bujumbura. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, na vijana wa nchi hizo wana sababu nyingi za kutazama Arua kabla ya Nairobi. Lakini mifumo hiyo inalinganisha miaka ya masomo, idadi ya saa na ngazi za vyeti. Hailinganishi kile ambacho mwanafunzi aliulizwa. Shahada mbili zenye saa sawa zinaweza kutofautiana kabisa ikiwa moja ilitolewa kwa kunakili.

Ndiyo maana kipimo cha maandalizi ya 2027 hakitakuwa majengo wala idadi ya kompyuta. Kitakuwa kwenye karatasi ambayo mtu yeyote anaweza kuiomba: orodha ya maswali ya kazi za kozi za muhula mmoja. Mabaraza ya vyuo, wakaguzi na hata wazazi wanaweza kuisoma kwa saa moja na kuhesabu ni maswali mangapi yanayoanza na "taja" na mangapi yanayoanza na dai la kuchunguzwa. Vyuo vya ualimu vifanye hesabu hiyo kwanza, kwa sababu makosa yao husambaa katika kila shule wanakopelekwa wahitimu wao. Muda uliobaki ni mihula michache, lakini unatosha kubadili maswali.